Nguo, Kamba na Gunia: Ujue Uzi Unatoka Wapi Kabla Hujalipa

Robota la mitumba likifunguliwa Tunduma, kila shati huwa "pamba tupu" na kila sweta "sufu yenyewe". Muuzaji si lazima awe anakudanganya. Mara nyingi naye ameuziwa kwa maneno hayohayo. Lakini wewe ndiye utakayeivaa nguo hiyo, utakayeifua, na utakayemvisha mtoto anayeota moto jikoni mwezi wa sita na wa saba baridi inapobana. Kwa hiyo tuulizane mambo ya msingi. Nguo, kamba, mkeka na gunia hutoka kwenye mmea gani au mnyama gani? Utavitambuaje bila mashine? Na ni vipi kati ya hivyo unavyoweza kuvipata au kuvitengeneza hapa hapa mkoani Songwe?

Uzi wa asili ni upi?

Chomoa uzi mmoja kwenye upindo wa nguo, kisha uufumue taratibu kwa vidole. Utaona vinywele vyembamba vilivyoshikana. Hivyo ndivyo tunavyoviita nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi zikisokotwa pamoja huwa uzi, uzi ukifumwa huwa kitambaa, na ukisokotwa mnene huwa kamba. Nyuzinyuzi za asili ni zile zilizoota zenyewe, ama kwenye mmea ama mwilini mwa mnyama, na kazi ya binadamu ni kuzitoa, kuzisafisha na kuzisokota.

Kwenye mmea huweza kutoka sehemu yoyote. Pamba na sufi hufunika mbegu. Juti na kitani hutoka kwenye shina. Katani hutoka kwenye majani ya mkonge. Usumba, ule unaotengenezewa kamba na mazulia ya mlangoni, hutoka kwenye makumbi ya nazi, ndiyo maana kazi hiyo ni ya watu wa pwani na visiwani, ambako makumbi hulowekwa au kufukiwa kwa miezi mingi kabla ya kupondwa. Kwa wanyama, sufu ni manyoya ya kondoo, na hariri ni uzi anaoutoa kiwavi mdogo anapojijengea kifukofuko.

Kundi jingine ni la nyuzi za viwandani: poliesta, nailoni, akriliki. Hizi asili yake ni mafuta ya petroli. Kati ya makundi haya mawili ipo viskosi, ambayo wengine huiita rayoni. Hutengenezwa kwa kuyeyusha rojo la miti kwa kemikali, kisha rojo hilo hupitishwa kwenye matundu madogo litoke kama uzi. Ni laini, hunyonya jasho, na magauni mengi mepesi ya mitumba ni viskosi. Udhaifu wake ni kwamba ikilowa hupungua nguvu, kwa hiyo usiifikiche wala kuikamua kwa nguvu.

Pamba: kwa nini hatuilimi huku?

Hili ni swali linaloulizwa sana, hasa na vijana wanaovuka Nakonde na kusikia habari za wakulima wa pamba wa Zambia. Ardhi tunayo, joto la bonde la Rukwa tunalo, na upande wa pili wa mpaka watu wanavuna. Kwa nini sisi tusilime?

Jibu ni mdudu. Yupo funza mwekundu wa pamba, anayetoboa vitumba na kula mbegu na nyuzi zikiwa changa ndani. Anapatikana katika nchi za kusini mwetu, na ili asifike kwenye mashamba makubwa ya kanda ya ziwa, yaani Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita na jirani zake, Nyanda za Juu Kusini ziliwekwa chini ya karantini ya pamba kwa miaka mingi. Karantini maana yake ni eneo la kinga: zao halipandwi ili mdudu akose daraja la kuvukia. Maisha ya wakulima wengi wa kanda ya ziwa yanategemea daraja hilo kutokuwapo.

Ufanye nini basi? Usivushe mbegu za pamba wala pamba yenye mbegu kutoka Nakonde, hata kama ni konzi moja ya kujaribu nyuma ya nyumba. Mbegu au mmea wowote unaoingia nchini lazima uwe na cheti cha afya ya mimea na ukaguliwe mpakani, kazi inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Ukitaka kujua msimamo wa sasa kuhusu kilimo cha pamba wilayani kwako, muulize afisa kilimo wa kata. Kuuliza hakuna ada, na kutakuokoa usije ukang'olewa shamba.

Na usidhani watu wa upande huu hawakuwahi kujua pamba. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Ufipa na bonde la Rukwa waliwakuta wenyeji wakilima pamba, wakiisokota kwa pia za mkono na kufuma nguo nzito kwenye mitambo ya miti iliyolazwa chini. Nguo za kiwandani zilipokuja kwa bei nafuu, ufundi ule ukazimika kidogokidogo. Mimi hulihesabu hilo kuwa hasara kubwa kuliko tunavyokiri.

Leo pamba ya Tanzania hupandwa kuanzia Novemba na kuvunwa kuanzia Mei au Juni. Mkulima huuza pamba yenye mbegu. Kiwandani mashine hutenganisha, na katika kila kilo 100 hutoka nyuzi kati ya kilo 33 na 40. Zinazobaki karibu zote ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta ya kula na kuacha mashudu ya ng'ombe. Sehemu kubwa ya nyuzi husafirishwa nje zikiwa hazijasokotwa. Ndiyo maana kitenge unachonunua Tunduma kinaweza kuwa kimefumwa Asia kwa pamba iliyotoka Afrika, au kikawa hakina pamba hata chembe.

Mkonge: huu unaweza kuuanza kesho

Mmea wa uzi ulio karibu na mkono wa mkazi wa Songwe ni mkonge. Wengi wanao tayari kama uzio wa boma au alama ya mpaka wa shamba, na hawautumii kwa lolote zaidi ya kuzuia mbuzi. Asili yake ni Meksiko. Uliletwa huku mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kupitia Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 ilizaliwa sekta iliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani, na miaka ya mwanzo ya 1960 uzalishaji ulipita tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki na bei ikaanguka. Leo zao hili linasimamiwa na Bodi ya Mkonge Tanzania, makao yake Tanga, na utafiti wake unafanywa Mlingano, mkoani humohumo.

Kutoa katani nyumbani hakuhitaji mashine. Unahitaji panga, kisu butu, ubao laini, maji na jua. Anza na majani ya chini, yale yaliyolala karibu na ardhi, na uache yasiyopungua 20 juu ili mmea usidhoofike. Kata ncha yenye mwiba kabla hujafanya jingine lolote. Mwiba huo umewapofua watu na mifugo. Kisha lichane jani kwa urefu liwe vipande vyembamba, ukiweke kila kipande juu ya ubao, na ukikwangue kwa kisu butu kutoka katikati kwenda mwisho mpaka nyama ya kijani yote itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Geuza upande wa pili ufanye vilevile.

Fanya kazi hiyo siku ileile uliyokata. Jani likinyauka, nyama hugandamana na nyuzi, utakwangua mpaka uchoke. Maji ya mkonge huwasha ngozi, kwa hiyo paka mafuta mikononi au vaa glovu, na usimruhusu mtoto aichezee takataka yake. Suuza nyuzi papo hapo kwenye ndoo, maana zikikauka na utomvu hubaki na rangi ya kijani isiyotoka. Maji machafu yamwage shimoni mbali na kijito; yakiingia mtoni huua samaki. Takataka ya kijani ikishaoza ni mbolea nzuri.

Anika juani siku moja, chana kwa ubao wenye misumari kama kitana kikubwa, na katani yako iko tayari. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, hivyo kwa mkono utahitaji majani 40 hivi kupata kilo moja ya katani kavu. Panga kazi yako kwa hesabu hiyo, usije ukapokea oda ya kamba 50 ukiwa na mimea sita.

Kamba husokotwa hivi: gawa fungu la nyuzi sehemu mbili, kila sehemu uisokote kuelekea kulia juu ya paja, kisha zizungushe zote mbili pamoja kuelekea kushoto. Mizunguko miwili inayopingana ndiyo inayoifanya kamba isifumuke. Ukikaribia mwisho wa nyuzi, ongeza nyingine sehemu moja kwanza na nyingine mbele kidogo, zisiungane mahali pamoja.

Nikuambie na udhaifu wake. Katani ikikaa majini au kwenye udongo wenye unyevu huoza. Kwa kamba ya kisima, manila ya plastiki ina faida. Kwa kumfunga ng'ombe, kufunga mzigo juu ya baiskeli, kusuka kikapu au kutengeneza zulia la mlangoni, katani haina mpinzani: haitelezi, fundo linakaza, na jua haliivunji upesi kama linavyoivunja manila ya bei rahisi.

Migomba, magome, mianzi na milulu

Ileje wana migomba, na mgomba ukishakatwa mkungu hauzai tena. Kigogo kile kinachoachwa kuoza kina nyuzi. Watu tangu zamani hukausha maganda ya nje na kuyatumia kama kamba za kufungia mizigo na kuezekea. Ukitaka nyuzi laini zaidi, chukua maganda ya ndani, yachane vipande, yakwangue kama mkonge. Malighafi ni bure. Usichukue kila kigogo shambani, kwa sababu vinavyooza ndivyo vinavyohifadhi unyevu wa migomba inayofuata, na usihamishe kigogo cha mgomba mgonjwa kutoka shamba moja kwenda jingine.

Magome ya miti ya miombo yametoa kamba za kufungia mizinga na nguzo za nyumba tangu enzi za mababu, na Momba na Songwe bado ipo misitu ya aina hiyo. Hapa nakuomba uwe mwangalifu. Mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, kwa sababu chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani hupitia chini ya gome hilo. Miti michache, kama mbuyu, ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kuotesha gome jipya. Tena mazao ya misitu yana sheria yake, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kuyavuna kwa biashara huhitaji kibali. Kama msitu ni wa kijiji, anzia ofisi ya kijiji. Kama ni hifadhi ya serikali, wahusika ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ushauri wangu ni mfupi: ukiwa na mkonge, liache gome.

Mianzi na matete hupasuliwa vipande vya kusukia matenga na mikeka. Jirani zetu wa Iringa wamejipatia jina kwa vikapu vya milulu, mmea unaoota maeneo yenye maji, na vikapu hivyo husafiri mbali kuliko wasukaji wake. Barabara inayopita Iringa ndiyo hiyohiyo inayoishia Tunduma, na malori yanayolala hapa yana madereva wa nchi nyingi. Soko la vikapu linapita mbele ya nyumba zetu kila siku.

Mito na magodoro ya zamani yalijazwa sufi, pamba nyepesi ya mti wa msufi. Ukiwa nao mto wa sufi, usiufue. Uanike juani na kuupiga kwa fimbo, basi.

Mbona kondoo wetu hawatoi sufu?

Kwa sababu kondoo wengi wa Tanzania ni wa singa: miili yao ina nywele fupi kama za mbuzi, na wamefugwa kwa nyama. Sufu hutoka kwa kondoo wa aina nyingine, kama Merino na Corriedale, wanaopenda baridi na wanaokatwa manyoya, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Kondoo haumii akikatwa vizuri. Nyanda za juu za Kenya wanafugwa, na mjini Nanyuki wapo wanawake walioungana kusokota na kufuma sufu kwa mkono. Lesotho na Afrika Kusini hufuga pia mbuzi wa Angora, ambaye nywele zake ndefu zinazong'aa hutoa uzi wa bei kubwa.

Uzuri wa sufu ni kwamba kila unywele una magamba madogo na mikunjo inayoshika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayokupa joto. Hata ikiwa na unyevu kidogo bado hukupa joto. Kwa baridi ya Tunduma na milima ya Ileje, sweta moja la sufu la mtumba linaweza kukufaa kuliko masweta mawili ya akriliki.

Hariri huanza na mti wa mforosadi. Kiwavi wa hariri hula majani yake, hukua kwa wiki chache, kisha hujizungushia uzi mmoja usiokatika ambao ukiufumua unaweza kufika mita 900 au zaidi. Vifukofuko hutiwa kwenye maji ya moto, ncha ya uzi hutafutwa, na kazi ya kukunjua huanza. Ni kazi ya subira, na bei ya hariri inatoka hapo. Kitambaa kinachong'aa na kuuzwa kwa bei ya kawaida sokoni kikiitwa hariri, karibu kila mara ni satini ya poliesta.

Nitatambuaje nikiwa mbele ya muuzaji?

Tazama lebo kwanza. Ipo shingoni au pembeni ndani ya mshono wa ubavu, na mitumba mingi bado inayo. Tatizo ni lugha. Pamba huandikwa "cotton" kwa Kiingereza, "coton" kwa Kifaransa, "Baumwolle" kwa Kijerumani, "cotone" kwa Kiitaliano na "algodón" kwa Kihispania. Sufu ni "wool", "laine", "Wolle" au "lana". Kitani ni "linen", "lin" au "Leinen". Hariri ni "silk", "soie" au "Seide". Poliesta huandikwa karibu vilevile kila mahali. Soma na asilimia: "65% polyester, 35% cotton" maana yake pamba ni kama theluthi moja tu, hata kama muuzaji ameapa.

Lebo ikiwa imekatwa, tumia mkono. Ifinye nguo kwenye kiganja kwa muda mfupi kisha iachie. Pamba na kitani hubaki na mikunjo. Poliesta hurudi kama ilivyokuwa. Weka tone la maji. Pamba hulinyonya, poliesta huliacha litambae juu. Ila kitambaa kipya chenye wanga mwingi kinaweza kukudanganya mpaka kifuliwe, na sufu nayo hukataa maji mwanzoni.

Jaribio la moto ndilo la uhakika zaidi, na gharama yake ni njiti moja ya kiberiti. Lifanyie nyumbani, nje, ukiwa na sahani ya maji. Chomoa nyuzi chache kutoka ndani ya upindo, zishike kwa koleo au kibanio, kamwe si kwa vidole, kisha ziwashe. Pamba, kitani, katani na viskosi huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha majivu laini ya kijivu. Sufu na hariri huwaka kwa kusitasita, hunuka nywele zilizoungua, na donge linalobaki husagika ukilifinya. Poliesta, nailoni na akriliki huyeyuka, hunuka plastiki, na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Ukipata majivu na kidonge pamoja, hapo ni mchanganyiko.

Jaribio hili lina somo kubwa kuliko bei. Nguo inayoyeyuka ikishika moto huganda kwenye ngozi. Pamba nayo huwaka, tena upesi, lakini haigandi. Kwa hiyo mtoto anayekaa karibu na jiko la mkaa au mafiga asivalishwe gauni pana la nailoni wala sweta la akriliki lenye manyoya marefu. Nguo nzito ya sufu au pamba iliyobana mwili kiasi ni salama zaidi, na hakuna nguo iliyo salama kuliko kumweka mtoto mbali na moto.

Kufua na kutunza

Kitambaa cha pamba kipya kiloweke usiku mmoja, kikauke, ndipo umpelekee fundi. Kisipoloweshwa, kitarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza na gauni litapanda juu ya magoti. Fundi mwenye heshima atakuuliza kama umelowesha. Pamba huvumilia maji ya moto, pasi kali na jua, ingawa rangi za khanga na kitenge hupauka zikianikwa muda mrefu. Geuza ndani nje.

Sufu fua kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, bila kufikicha. Maji ya moto na msuguano hufanya magamba yale yashikane, na sweta la baba litamtosha mtoto wa darasa la pili. Usilitundike likiwa linachuruzika. Lilaze juu ya taulo. Wadudu wa nguo hupenda sufu kwa sababu ni protini, kama nywele zetu, lakini pamba safi hawaijali sana. Anika blanketi za sufu juani mara kwa mara na uzihifadhi zikiwa safi na kavu kabisa.

Gunia la kahawa, gunia la mahindi

Mbozi ni nchi ya kahawa, na kahawa inayosafirishwa nje kwa desturi hupakiwa kwenye magunia ya juti au katani ya kilo 60. Sababu ni hewa. Gunia la asili linapumua, na unyevu haujikusanyi ndani. Ukiifungia kahawa yenye unyevu kwenye mfuko wa nailoni itapata ukungu na harufu, na mnunuzi atakushusha daraja. Usitumie kamwe gunia lililowahi kubeba mbolea, dawa au mafuta. Kahawa hunyonya harufu.

Kwa mahindi mambo ni tofauti, na hapa sitautetea uzi wa asili. Dumuzi hupenya gunia la katani na salfeti bila shida. Mfuko maalumu wa plastiki usiopitisha hewa, ule wa tabaka mbili ndani ya kiroba, huwaua kwa kuwanyima hewa, bila dawa. Sharti lake ni mahindi yakauke barabara kwanza, unyevu usizidi asilimia 13 hivi. Ukiyang'ata yatoe mlio, yasibonyee.

Na kikapu? Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania. Anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini ya Sh 30,000 hadi Sh 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Ukitoka Nakonde na vitu ndani ya mfuko wa aina hiyo, vihamishie kwenye kapu kabla hujafika kwenye ukaguzi.

Nikitaka kuifanya biashara, nianzie wapi?

Anza na watu, kisha vifaa. Halmashauri zetu, yaani Mji wa Tunduma, Momba, Mbozi, Ileje na Songwe, zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii huombwa na vikundi vilivyosajiliwa, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nenda naye mkiwa na katiba ya kikundi, majina, na maelezo mafupi ya mtakachotengeneza na mtakakouza. Kwa mafunzo na ushauri wa mashine ndogo, wapo SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo.

Kupanga bei, hesabu saa za kazi, usihesabu malighafi peke yake. Mkonge wa uzio ni bure, lakini ukitumia siku mbili kusuka kapu moja, kapu hilo halipaswi kuuzwa kwa bei isiyofikia kibarua cha siku mbili za kulima. Bei ya Tunduma hupanda na kushuka pamoja na kwacha, kwa hiyo ukiuza kwa Wazambia uliza kiwango cha ubadilishaji asubuhi ileile.

Agosti kila mwaka, maonesho ya Nanenane ya Nyanda za Juu Kusini hufanyika kwenye viwanja vya John Mwakangale, Uyole, Mbeya, kama kilomita 100 kutoka Tunduma. Ukienda, uliza mashine ya kuchakata mkonge inauzwaje, na aina gani ya miche inafaa ardhi yako. Kisha panda mvua za Novemba au Desemba zikishika. Miche huipati dukani tu. Huota pembeni ya shina la mkonge mkubwa na juu ya mlingoti wake. Anayepanda msimu huu atakata majani yake ya kwanza baada ya miaka miwili hadi mitatu, na ataendelea kuyakata kwa miaka mingine kadhaa kabla mmea haujatoa mlingoti na kufa.